Oda ya Shemeji

Tangu Rais Samia alipokuja Mwanza Juni 2021 kuzindua jengo la tawi la Benki Kuu, akaitaka benki hiyo ijiandae na sarafu za mtandaoni, shemeji yangu anaamini alikuwa akiambiwa yeye binafsi. Ukimkumbusha kwamba mwaka 2019 benki hiyohiyo ilitangaza kuwa sarafu hizo si fedha halali nchini, anakujibu, "Hayo ya zamani, shemeji."

Ujasiri anao. Kinachomshinda ni vitufe vya kununulia na kuuzia sarafu hizo kwenye simu.

Oda ya soko maana yake nipe sasa hivi, kwa bei yoyote nitakayoikuta. Oda ya kikomo ni nipe kwa bei hii au chini yake, la sivyo basi. Mke wangu, Mama Kulwa, anauza dagaa, akaelewa kabla sijamaliza kumweleza. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inalala, na magunia machache yaliyobaki Mwaloni Kirumba kila moja lina bei yake: la kwanza afadhali, la pili limepanda, la tatu mwenyewe anakutazama usoni kwanza ndipo ataje. Ukisema "nipe kumi, bei yoyote," utayapata yote kumi, na kuna mtu atarudi kwake anaimba. Si wewe.

Ndivyo shemeji alivyonunua usiku wa manane kisarafu fulani chenye wauzaji wa kuhesabika. Bei aliyoiona kwenye simu ilikuwa ya kile kidogo cha mwanzo tu. Oda yake ikawapitia wauzaji mmoja baada ya mwingine mpaka kwa yule wa bei ya mwisho. Alipouza, ikawa vilevile kwa kushuka. Asubuhi alikuja kuazima nauli ya daladala.

Akahamia oda ya kukata hasara: bei ikigusa hapa, uza. Bei ikagusa, ikauza, ikapanda tena kabla hajamaliza sato wake. "Wamenilenga," alisema, tonge mkononi. Nani hao, hakusema.

Kilichommaliza ni kisa cha kweli alichosimuliwa kijiweni. Juni 21, 2017, kwenye GDAX, soko la sarafu za mtandaoni la Marekani, mtu aliuza sarafu za ether za mamilioni ya dola kwa oda moja ya soko. Bei ikaporomoka kutoka dola 300 na ushei, ikaziamsha oda za kukata hasara za wenzake, nazo zikauza, zikaamsha nyingine, mpaka ikagusa senti 10. Muda si mrefu ikarudi juu. Waliokuwa na oda za kikomo kule chini kabisa walivuna. Kwamba soko lilikuja kuwafidia walioumia, hilo shemeji hakulisikia. Alikuwa ameshaanza kubonyeza.

Sasa ana oda ya kununua ether kwa senti 10. Hela imefungiwa humo, haipungui wala haitumiki, na Mama Kulwa anasema kaka yake hajawahi kuweka akiba namna hii. Mimi nina shaka kidogo, maana tuna kikao cha harusi ya binamu yao kila Jumapili, na zamu yake ikifika anasimama, anakohoa, anasema, "Ndugu mwenyekiti, mchango wangu uko kwenye oda." Katibu anaandika: ahadi.