Behewa la Baiskeli, Lwiro

Ulaya, mwendesha baiskeli akichoka huipandisha kwenye behewa, akasinzia mpaka kwao. Wa Lwiro, kilomita zipatazo 40 kaskazini mwa Bukavu nchini Kongo, angoje treni gani?

Wabelgiji waliwahi kujenga reli, CEFAKI, kutoka Uvira kupitia bonde la Ruzizi. Ilikomea Kamanyola, ikaitazama milima, ikakata tamaa. Uhuru wa 1960 uliikuta imeshafungwa.

Lwiro pana kituo cha utafiti tangu enzi za IRSAC, taasisi ya sayansi ya Wabelgiji, chenye mitambo ya kupima matetemeko. Ardhi ikitikisika, wataalamu wana hakika ya jambo moja: si garimoshi.

Basi baiskeli hufungwa kamba juu ya lori, kati ya magunia ya makaa, na mwenyewe hukalia magunia hayohayo. Daraja la kwanza, vumbi bila malipo ya ziada.