Waraka kwa Majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani

Waheshimiwa Majaji,

Mimi si raia wenu, lakini mkubwa hufichwa mengi na wanaomwogopa, nami sina cha kuwaogopa.

Machi 7, 1965, watu wapatao mia sita walitoka Selma, Alabama, kwa miguu, wakidai haki ya kupiga kura. Kwenye daraja la Edmund Pettus askari waliwapokea kwa virungu na mabomu ya machozi. John Lewis, kijana wa miaka 25, alipasuliwa fuvu. Katiba ilikwisha kukataza tangu 1870 mtu kunyimwa kura kwa rangi yake. Kilichokosekana ni sheria yenye meno. Meno yaliota Agosti 1965: majimbo yenye rekodi ya ubaguzi yalilazimika kuomba kibali cha serikali kuu kabla ya kubadili kanuni yoyote ya uchaguzi.

Mwaka 2006 Seneti iliihuisha sheria hiyo kwa kura 98, bila hata moja ya kupinga. Juni 25, 2013, watano kati ya majaji tisa wa Mahakama yenu wakayang'oa meno hayo. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba nchi imebadilika. Ni kweli, imebadilika. Lakini iliyoibadilisha ni nini, kama si sheria hiyo? Marehemu Jaji Ruth Bader Ginsburg aliwaambia wenzake kwamba huko ni kuutupa mwavuli mvua ikinyesha, eti kwa sababu hujalowa.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku ile ile ya hukumu, Texas ilitangaza kuanza kutumia sheria ya vitambulisho vya wapiga kura iliyonyimwa kibali mwaka uliotangulia. North Carolina ikafuata kwa sheria yake ya uchaguzi. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ikaona kwamba sheria hiyo ya North Carolina iliwalenga wapiga kura weusi.

Sina shaka na elimu yenu. Ninachowakumbusha ni mzigo mliomtwisha mnyonge. Zamani jimbo lenye rekodi ya ubaguzi ndilo lililothibitisha kwamba halidhulumu. Sasa anayedhulumiwa ndiye atafute wakili na ushahidi, na hukumu ikitoka, uchaguzi umekwisha na aliyeshinda ameapishwa.

Mlilirudishia Bunge kazi ya kuandika vigezo vipya vya majimbo yanayopaswa kuomba kibali, na hadi John Lewis anafariki Julai 2020, halikuwa limevipitisha. Kesi ya kura ikija tena mbele yenu, nawasihi mumsikilize kwanza aliyezuiwa mlangoni mwa kituo cha kura.

Wasalaam.