Mwongozo wa Kuipa Programu Miguu Minne Bila Kuvunja Hata Mmoja

Programu yako ya kununua na kuuza hisa imezoea mguu mmoja, yaani kununua au kuuza kitu kimoja tu kwa kila oda. Sasa umeingia kwenye opsheni na unataka itume oda za miguu miwili, mitatu, hata minne. Karibu. Ila toa mikono kwenye kibodi kwanza, maana najua unachotaka kuandika: kitanzi kinachopita mguu baada ya mguu na kuutuma kila mmoja sokoni peke yake. Ukifanya hivyo hujaandika oda ya miguu minne. Umeandika oda nne yatima, na utazilea mwenyewe.

Kanga huuzwa doti. Hakuna anayelipia kipande kimoja leo, cha pili akakubali kitakuja kwa bei yoyote itakayokuwapo. Basi na oda hii idai hivyo hivyo: vyote pamoja kwa bei moja, au hakuna biashara.

Tuseme hisa iko karibu na dola 100. Unanunua opsheni ya kununua yenye bei ya utekelezaji ya dola 100, kwa dola 4.20. Papo hapo unauza nyingine ya tarehe ileile, ya dola 105, kwa dola 2.50. Umetoa dola 1.70, na kwa kuwa mkataba wa kawaida wa Marekani hubeba hisa 100, umelipa dola 170 bila ada. Mambo yakienda kombo kabisa, umepoteza hizo 170. Yakinyooka kabisa, faida ni 330. Kila kitu kina mpaka. Sasa ipitishe biashara hii kwenye kitanzi chako. Mguu wa kuuza unapata mnunuzi mara moja, wa kununua unakwama kwa sababu bei imeruka. Umemwahidi mtu usiyemjua hisa 100 kwa dola 105, nawe huna hisa wala kinga. Ikipanda, hasara haina dari. Mfumo uliojengwa hivyo haustahili kugusa pesa ya mtu yeyote, na anayekuambia utarekebisha baadaye usimsikilize.

Kwa hiyo jenga kitu kimoja, oda, na ndani yake weka orodha ya miguu. Kila mguu ubebe mkataba wake, upande wake, uwiano wake, na kama unafungua au unafunga nafasi. Bei, idadi na hali vikae kwenye oda yenyewe. Uwiano ukiwa 2 kwa 4, ushushe uwe 1 kwa 2 na uzidishe idadi mara mbili, kwa sababu baadhi ya madalali huukataa ule wa kwanza. Jina la kawaida la mkataba wa opsheni wa Marekani lina nafasi 21: sita za alama ya hisa, sita za tarehe, moja ya C (opsheni ya kununua) au P (ya kuuza), nane za bei ya utekelezaji, tatu za mwisho zikiwa desimali. Alama fupi hujazwa nafasi tupu. Itifaki ya FIX, inayotumika kutuma oda sokoni, nayo ina ujumbe maalumu wa oda hizi, aina ya AB; soma kanuni zake kabla ya kubuni zako.

Tuje kwenye bei, mahali ambapo programu nyingi huaibika. Ndani ya msimbo wako kuna mstari unaokataa bei yoyote isiyozidi sifuri. Upo, kautafute. Ulifaa kwa hisa, lakini bei ya oda ya miguu mingi ni tofauti kati ya unachotoa na unachopokea, kwa hiyo inaweza kuwa sifuri, na ukipokea zaidi inaweza kuwa hasi. Hata nje ya oda hizi bei hasi imewahi kutokea: tarehe 20 Aprili 2020 mkataba wa mafuta ghafi ya WTI wa mwezi Mei ulifunga kwa dola 37.63 chini ya sifuri, na soko la CME lilikuwa limetangaza siku kadhaa kabla kwamba bei hasi zinawezekana. Kumbuka pia kwamba dalali mmoja anataka alama ya kutoa, mwingine anataka namba chanya na neno la kueleza nani anamlipa nani. Andika majaribio ya kila dalali. Alama moja ikigeuka, unalipa pale ulipostahili kulipwa.

Majibu ya soko nayo yana mtego. Unaweza kupata taarifa ya kila mguu na nyingine ya oda nzima. Ukizijumlisha zote, vitabu vyako vitaonyesha mali maradufu. FIX hutenganisha taarifa hizo kwa namba 442. Itumie.

Siku ya kuwasha, hakikisha kila seva ina toleo jipya na msimbo mfu umefutwa. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital iliacha seva moja kati ya nane bila toleo jipya. Msimbo wa zamani ukaamka, na katika takriban dakika 45 ikapoteza zaidi ya dola milioni 460.

Oda ni moja, lakini ikishatekelezwa miguu inaweza kuachana kihalali. Opsheni za hisa za Marekani zinaweza kutekelezwa na mwenye nazo siku yoyote kabla ya ukomo, na hatari hupanda siku moja kabla ya hisa kuanza kuuzwa bila gawio. Mguu uliouza hutoweka usiku, ule ulionunua unabaki. Kwa hiyo kila asubuhi kabla soko halijafunguliwa, programu ilinganishe miguu iliyomo kwenye kumbukumbu zake na iliyopo kwa dalali. Ikikuta tofauti, isitume oda yoyote mpya mpaka mtu aje aangalie.