Jinsi ya Kutumia Kruzi Ukivuta Boti Kupitia Miritini

Hatua ya kwanza: usiitumie. Najua gari lako limekuja nayo, najua umeilipia, na najua kile kitufe cha usukanini kinawaka taa ya kijani kukushawishi. Kiache kiwake. Hatua zilizobaki ni za kukueleza kwa nini, na za kukuonyesha pale mbele ambapo unaweza kukigusa bila kutuletea msiba barabarani.

Tuseme boti yako ya faiba ilikuwa Shimoni na sasa waipeleka Naivasha. Zamani ungelazimika kubanana nayo kwenye feri ya Likoni. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, inayoshika kutoka Kibundani na kukutoa Miritini bila kukanyaga kisiwani. Lami ni pana na nyororo, na vidole vya wenye magari huanza kuwasha hapohapo. Subiri kwanza ufike daraja la Mteza. Lina urefu wa karibu kilomita moja na nusu, liko wazi pande zote mbili, na kusi ikichachamaa huipiga boti ubavuni. Ule ubavu mpana hauna pa kujificha, na trela halina mkuku wa kuizuia isisukumwe kando.

Trela likianza kwenda mrama, dawa yake yajulikana: ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani ukiwa umenyooka, usipigane nao, na breki usiikanyage kwa ghafla. Kruzi haijui lolote kati ya hayo. Inachojua ni kasi uliyoiwekea. Trela likiyumba na kulirudisha gari nyuma kidogo, kruzi huona mwendo umepungua, nayo huongeza mafuta, yaani hufanya kinyume kabisa cha unachotakiwa kufanya. Wahenga walituonya kuhusu manahodha wengi katika chombo kimoja. Hapa manahodha wawili tu wanatosha kuizamisha boti juu ya lami.

Mrama wenyewe mara nyingi huanzia kule ulikopakilia. Karibu asilimia 10 ya uzito wa trela na mzigo wake inafaa ikae kwenye chuma cha kufungia nyuma ya gari. Boti za kwetu mashine huning'inia tezi, na watu tukiona nafasi huko nyuma tunaongeza madumu ya petroli, nanga na sanduku la barafu. Uzito ukihamia nyuma, trela hulinyanyua gari mkia na kuanza kucheza. Basi vuta boti mbele mpaka omo iguse kizuizi chake, hamishia nanga na madumu ndani ya gari au katikati ya boti, funga mikanda mbele na nyuma, na ile minyororo miwili ya usalama ipishanishe chini ya chuma cha trela, ili trela likichomoka kichwa chake kilale juu ya minyororo badala ya kuchimba barabara.

Sasa umefika Miritini yenyewe. Malori ya makontena kutoka Kipevu yamepanga mstari, matatu zinakata kuingia stesheni ya reli ya SGR iliyofunguliwa 2017, boda boda amebeba abiria wawili na godoro, na mama amesimama katikati ya barabara akingoja upande wa pili upungue. Mwendo wa kisheria penye makazi ni kilomita 50 kwa saa, na saa nyingi hutaufikia. Mvua ikianza kunyesha ni hatari zaidi, kwa sababu matone ya kwanza huchanganyika na dizeli iliyomwagwa na malori, gurudumu likateleza, na kruzi isijue kwamba kinachozunguka ni tairi tu. Mguu wako ndio uendeshe hapa. Kazi hiyo usimwachie mwingine.

Baada ya hapo ni mlima wa Bonje mpaka Mazeras. Kruzi itataka kasi ileile, giaboksi ishuke gia, ipande, ishuke tena, na mafuta yake yachemke ukiwa bado hujaiona Mariakani. Weka gia ya chini mwenyewe, panda pole nyuma ya lori, wala usione haya. Kwenye mteremko kruzi ya kawaida haishiki breki. Boti itakusukuma kwa uzito wake wote, kwa hiyo bakia kwenye gia ileile uliyopandia.

Aliyebuni kruzi, Ralph Teetor wa Indiana, Marekani, alikuwa kipofu tangu akiwa na miaka mitano. Inasimuliwa kwamba alichoshwa na wakili wake, ambaye kila akizungumza gari lilikwenda kwa kusitasita. Alipata hataza 1950, na kampuni ya Chrysler ikaanza kuuza magari yenye kruzi kwa modeli za 1958. Namheshimu sana. Lakini alikuwa akitafuta mwendo usiobadilika, na hapa petu kila kitu hubadilika kila mita mia.

Ukishapita Taru, barabara hunyooka. Kukiwa mchana, lami kavu, upepo umetulia na mbele hakuna lori, bonyeza kwa kilomita 80, mguu ukiwa karibu na breki. Ukianza kuona Voi, zima. Huko mbele ni Tsavo, na tembo hawapigi honi.

Kabla ya kufika Voi simama Mackinnon Road, penye msikiti wa Sayyid Baghali Shah, ambapo wasafiri wengi husimama kuomba dua. Mji huo una jina moja na meli William Mackinnon, iliyoletwa Mombasa vipande vipande 1895 na kushushwa ziwani Kisumu 1900, baada ya miaka mitano ya safari na kuungwa. Wewe una siku moja tu, basi tumia dakika kumi. Kaza mikanda. Kisha gusa kitovu cha kila gurudumu la trela kwa mgongo wa kiganja. Kikiwa vuguvugu, endelea. Kikikuunguza, maji ya chumvi yameshaingia kwenye bearingi. Toa jeki na grisi, uifungue hapohapo, na kama umeleta bearingi ya akiba utalala Naivasha.