Chombo cha Bibi

Nyumba ya marehemu bibi pale Kibokoni bado ina kesi. Kitu pekee tulichogawana bila kununiana ni chombo chake cha maua, kwa kuwa hakuna aliyekitaka. Nikapewa mimi. Ni cha kauri nyeupe, kinanifika magotini, kimechorwa maua kwa dhahabu, na tangu nipate akili kazi yake ilikuwa kushika miavuli na bakora ya ami.

Kosa langu ni kukipindua. Chini nikaona alama, nikasema mbele za watu, wakati wa chai, kwamba huenda ni kitu cha Japani.

"Mimi si nilisema!" akadakia shangazi, ambaye hajawahi kusema. Ami akakumbuka ghafla kuwa babu, alipokuwa baharia, alizawadiwa na mfalme wa huko. Babu ninayesimuliwa mimi alikuwa mpishi wa meli, na safari zake ziliishia Bombay.

Nikaanza kusoma. Kauri ya Kijapani ilianzia Arita, kisiwa cha Kyushu, mwanzoni mwa karne ya 17. Mwaka 1659 kampuni ya biashara ya Waholanzi iliagiza mzigo mkubwa kutoka huko. Bidhaa zilipitia bandari ya Imari, ndiyo maana mpaka leo watu huziita Imari ilhali zilichomwa Arita. Ni kama karafuu ya Pemba kuitwa ya Unguja kwa kuwa imepakiwa bandari ya Malindi, kule Unguja. Haya nikayasoma kwa sauti, uzuzu wa pili. Waliposikia 1659, simu zilitoka mifukoni na hesabu zikaanza. Usiku ule nilipigiwa na jamaa ambao msibani sikuwaona.

Tatizo ni ile alama yenyewe: NIPPON, kwa herufi za Kirumi. Fundi wa Arita wa 1659 angemwandikia nani hivyo? Jibu liko forodhani. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilitaka, kuanzia 1891, bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka, na Wajapani wakaandika Nippon, jina wanaloiita nchi yao. Ikafika 1921, Wamarekani wakagundua kuwa hilo ni neno la Kijapani, wakataka liandikwe la Kiingereza. Miaka 30 walilisoma bila kinyongo! Kwa hiyo chombo chetu, kama ni cha kweli, ni cha kati ya 1891 na 1921, na kilikusudiwa sebule ya Mmarekani.

Nasema kama ni cha kweli kwa sababu wajanja wa baadaye wameigonga alama hiyo hiyo kwenye vyombo vipya.

"Yaani feki?" akauliza ami, kana kwamba mimi ndiye niliyekifinyanga.

Nikakisogeza dirishani nitazame dhahabu kama imelika pale mikono inapogusa. Nikaona ufa unaozunguka shingo nzima, umezibwa na kitu cha manjano. Shangazi akatazama dari. Baadaye akakiri: ni gundi ya viatu, mwaka wa El Niño, na ni siri yake na marehemu.

Simu za jamaa zimekatika. Ijumaa mvua ilinyesha. Ami akaja, hakuuliza habari za mnada. Akakung'uta mwavuli wake, akauchomeka ndani ya chombo pamoja na bakora, akaketi na kulalamika kuwa chai imepoa.