Deki ya Baba

Wiki ya Krismasi Uchagani nyumba hazina nafasi. Walioko Dar, Arusha na Mwanza wote wamepanda mlima, kihamba chetu cha Kibosho kimejaa magari mpaka kwenye migomba, na kila anayeshuka garini ana ushauri. Ndiyo wiki ambayo deki ya CD ya baba ilikufa.

Haikufa ghafla. Kwa muda mrefu ilikuwa ikiruka nyimbo za mwisho, tukalaumu CD. Kumbe CD huanza kusomwa karibu na tundu la katikati, jicho la deki, lile la mwanga wa leza, likielekea nje, na sahani inayozunguka kama mara 500 kwa dakika hupunguza mwendo hadi kama mara 200 ikifika ukingoni. Ukingoni ndiko vidole vinakoshika, na sahani ikiwa imepinda, ndiko inakopepesuka zaidi. Jicho lililochoka huanza kushindwa huko. Baba alishazoea kuinuka na kuizima kabla ya wimbo wa mwisho wa *Songs for the Poor Man*, albamu ya Remmy Ongala na Super Matimila iliyotolewa Uingereza na lebo ya Real World mwaka 1989. Tangu Remmy afariki Desemba 2010, CD hiyo haiazimwi kwa mtu yeyote.

Mjukuu, kwa nia njema kabisa, akaiosha kwa sabuni ya unga na dodoki la vyombo, akisugua kwa kuzungusha. Hivyo ndivyo CD zinavyouawa. Taarifa za wimbo zimetawanywa kwenye sahani pamoja na hesabu za kuzirekebisha, kiasi kwamba hata pengo la milimita mbili na nusu hivi kwenye mstari huzibwa bila sikio kugundua. Kwa hiyo mkwaruzo unaotoka katikati kwenda nje huvukwa. Unaofuata duara hula mstari huohuo kwa urefu, na hapo hesabu zinashindwa. CD hufutwa kwa kitambaa laini, kutoka tunduni kwenda nje.

Kaka mkubwa alikuwa na jibu lake. "Baba, nyimbo zako zote zinaingia kwenye flashi moja."

"Na majina ya wapiga magitaa yataingia wapi?" baba akauliza, ameshika kile kijitabu cha ndani ya kasha.

"Mwacheni baba yenu," mama akasema kutoka jikoni.

Shemeji akateremka mjini Moshi, akarudi jioni na deki nzito ya mtumba kutoka Japani. Tuliipokezana, kila mmoja akiipima uzito mikononi. Ilikuwa nzuri kweli, na mbele yake ilikuwa ya chuma kitupu. Akaichomeka. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100. Wetu ni 230. Maandishi yalikuwepo mgongoni, madogo, na mgongo ulikuwa umeelekea ukutani. Transfoma ikanguruma, harufu ya kuungua ikafunika harufu ya mtori, kisha moshi. Mama hakuuliza swali. Alichomoa waya, akaifunga deki kwenye kanga, akaenda kuitua nje kwenye migomba. Muuzaji alipopigiwa simu alisema mali ikishatoka imetoka.

Tukarudi kwenye ile ya zamani. Fundi mmoja wa mjini aliifungua mbele yetu, akatuonyesha jicho lenyewe, dogo kuliko punje ya mahindi, lenye utando mweupe. Kwetu ukungu wa Juni na Julai huingia mpaka chumbani, na mjini kiangazi ni vumbi. Akalifuta kwa pamba na spiriti. Nyimbo mbili zikapita, ikakwama tena. Mwanga wenyewe ulikuwa umechoka, ikabidi tutafute deki nyingine.

"Mzee, amplifaya yako ina tundu la dijitali kwa nyuma?" fundi akamuuliza baba.

Ilikuwa nalo, na swali hilo lilituokolea fedha nyingi. CD hubeba tarakimu, vipimo 44,100 vya sauti kwa kila sekunde kwa kila upande wa spika. Amplifaya ya baba inajua kuzigeuza kuwa sauti. Kwa hiyo deki ya kununua haikuhitaji kujua hilo. Ilitakiwa isome vizuri na kuzipeleka kwa waya mmoja. Naamini hapa ndipo watu wengi wanapopoteza hela, kwenye taa na vitufe. Mimi ningelipia trei inayotoka bila kutetemeka, na jicho la aina ambayo mafundi wa Moshi wanalo kwenye droo zao.

Deki tuliyoichagua ni ya plastiki, ya volti 230, na haina sura. Baba aliijaribu pale pale dukani kwa ile CD iliyosuguliwa, akaenda moja kwa moja kwenye wimbo wa mwisho. Alisimama kofia mkononi mpaka ukaisha, na mangi mwenye duka hakumharakisha.

Nawe ukienda kununua, igeuze deki kwanza usome volti. Kisha toa CD yako iliyochakaa kuliko zote, ucheze wimbo wa mwisho hadi mwisho. Ikiruka, irudishe kwenye rafu hata kama inang'aa.