Kaa Nyumbani: Mwongozo wa Mpangaji wa Chumba Kimoja Kampala

Kwanza hakikisha una nyumba ya kukaa. Agizo la "kaa nyumbani" lilitungwa na mtu mwenye sebule, korido na geti la chuma. Wewe unaishi kwenye muzigo, ile safu ya vyumba vya kupanga vinavyotazamana pale Bwaise, Katwe au Kamwokya: kila familia na mlango wake na pazia lake, na choo kimoja kwa wote huko nyuma, chenye kufuli moja na ufunguo ambao hakuna anayekumbuka nani kaondoka nao. Ungekuwa na busara, ungezaliwa Kololo kwa matajiri. Kwa kuwa hukufanya hivyo, fuata maelekezo haya. Yamejaribiwa na wakazi wa Kampala tangu Machi 2020, na kwa jinsi magonjwa yanavyopokezana zamu hapa mjini, bado yana kazi.

Tuanze na habari, kwa sababu ukikosa habari utakamatwa. Habari rasmi hutolewa usiku, kwenye runinga, na Rais mwenyewe. Tarehe 18 Machi 2020 alifunga shule, makanisa, misikiti na baa. Siku tatu baadaye akapatikana mgonjwa wa kwanza, Mganda aliyerejea kutoka Dubai. Tarehe 25 teksi na bodaboda zikakatazwa kubeba abiria. Tarehe 30 yakafuata magari ya watu binafsi, na kafyu ikatangazwa. Aliyesinzia hotuba moja aliamkia nchi nyingine.

Usisinzie basi. Tatizo ni kwamba Yaka yako, umeme wa kulipia kabla, itakata dakika ileile Rais anapofungua faili lake, kwa kuwa mita ni moja kwa vyumba vinne na kuna mtu amekuwa akipiga pasi tangu mchana, ingawa hakuna anapokwenda. Hapo usifanye ugomvi. Nenda kwenye dirisha la jirani mwenye umeme. Watoto wakae mbele juu ya jerikani zilizopinduliwa, kina mama wenye vichanga wafuate, wanaume wasimame nyuma wamekunja mikono. Kijana mmoja wa boda amtafsirie jajja, bibi wa chumba cha mwisho, Kiingereza kwenda Kiluganda, kwa sauti kubwa kuliko ya Rais. Hivyo ndivyo wapangaji wote wa safu nzima, bega kwa bega, walivyosikiliza kwa makini tangazo la kupiga marufuku mikusanyiko. Hotuba ilipokwisha walikubaliana kwa kauli moja kwamba watu wa Kampala ni wabishi, hawasikii.

Sasa suala la umbali. Chumba chako ni futi kumi kwa kumi. Wataalamu wanataka mita mbili kati ya mtu na mtu. Weka baba kona moja, mama kona ya pili, shangazi aliyekuja kutembea Machi na hakuweza kurudi kijijini kona ya tatu, sigiri kona ya nne. Watoto wanaobaki watoe nje. Nje hairuhusiwi. Rudia zoezi.

Na zoezi lenyewe pia ni la lazima. Aprili 2020 Rais alionyesha nchi nzima jinsi ya kufanya mazoezi bila kutoka: akiwa pekupeku na suti ya mazoezi, alikimbia kuuzunguka ukumbi wa ofisi yake, akashuka chini akapiga pushapu, na umri ulikuwa umeshapita miaka sabini na mitano. Ukitaka kumuiga, simamisha godoro ukutani, toa sigiri, wapandishe watoto kitandani, kisha kimbia. Hatua ya kwanza utaiweza. Hatua ya pili utakuwa mlangoni, na ya tatu utakuwa mikononi mwa askari.

Tuje kwenye chakula, ambako ndiko mwongozo wenyewe uliko. Serikali ilianza kugawa chakula tarehe 4 Aprili 2020, ikianzia Bwaise, kwa lengo la kuwafikia watu milioni 1.5 wa Kampala na Wakiso. Kila mtu kilo 6 za unga wa posho, kilo 3 za maharagwe na chumvi. Mama anayenyonyesha na mgonjwa waliahidiwa maziwa ya unga kilo 2 na sukari kilo 2. Nyumba kwa nyumba, bila foleni. Na nani anajua nani anaishi nyumba ipi? Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa, yule ambaye kwa miaka yote ulimtafuta pale tu ulipotaka barua ya kufungua akaunti benki, ukamlipa elfu zake za muhuri na kulalamika njia nzima. Sasa ameshika daftari la mistari mikubwa na kalamu ya bluu, na dunia yako iko ndani ya daftari hilo.

Hapa ndipo wengi walipogundua kwamba maandalizi yao ya janga yalipaswa kuanza mapema zaidi, hasa tarehe 10 Julai 2018. Siku hiyo Uganda ilichagua wenyeviti wa LC1 kwa mara ya kwanza tangu 2001. Hakukuwa na sanduku wala karatasi. Ulipanga mstari nyuma ya mgombea wako, juani, mbele ya kijiji kizima, ukahesabiwa kichwa. Ni utaratibu rahisi na wa bei nafuu, na wenye sifa moja ambayo wasomi wa demokrasia hawakuisisitiza vya kutosha: mgombea akigeuka nyuma anakuona. Na usipokuwepo nyuma yake, anaona pia umesimama wapi. Sisemi kwamba kuna mwenyekiti aliyeruka mlango wa mtu kwa sababu ya mstari wa miaka miwili nyuma. Nasema tu kwamba wenyeviti wana kumbukumbu nzuri, na Aprili 2020 salamu za "Chairman, umeamkaje?" zilianza kusikika saa kumi na mbili asubuhi, kutoka kwa watu waliokuwa hawajawahi kujua mlango wake unaelekea wapi.

Ukiwa umesimama mstari mbaya, bado kuna tiba. Mgao ni kwa kichwa, basi tafuta vichwa. Watoto huazimwa kama sufuria: wa jirani waje kwako wakati wa kuandikishwa, wa kwako waende kwake atakapofikiwa. Wafundishe majina mapya siku moja kabla. Chagua majina mafupi. Mtoto akisita kusema anaitwa nani, mwenyekiti hunyanyua kalamu, na kalamu ikishanyanyuka hairudi.

Maharagwe yakifika, usishangilie sana. Maharagwe makavu yanakula makaa kuliko mtu anavyokula maharagwe, na makaa hayakuwemo kwenye mgao. Shirikianeni sigiri, vyumba viwili au vitatu chungu kimoja. Hilo litavunja kanuni ya umbali, lakini kanuni ilikwishavunjika dirishani.

Mwanasiasa akija kijijini na gari la chakula, fahamu kwamba Rais alikwishaonya: atakayekusanya watu kwa kisingizio cha kugawa chakula atashtakiwa kwa jaribio la kuua. Kama raia mwema, wajibu wako ni kuula ushahidi haraka iwezekanavyo.

Kwa siku zisizo na mgao kuna duka la Nnalongo pale kona. Mwandalie maneno kabla hujafika.

"Nnalongo, habari za asubuhi."

"Nzuri, ssebo. Umeleta?"

"Nnyabo, hali si unaiona."

"Hali naiona. Na daftari nalo linaiona, hebu soma hapa."

Usisome. Uliza watoto wake mapacha wanaendeleaje, sifia barakoa yake, kisha omba sukari robo huku ukiangalia pembeni. Mtu akikuambia uchumi wa Kampala uliokolewa na wizara fulani, muulize kama aliwahi kuliona daftari la Nnalongo. Akikuuzia chumvi kwa bei ya Machi 2020, wakati watu walipoikimbilia na kuificha chini ya vitanda kana kwamba korona inaogopa chumvi, lipa ukae kimya. Unamhitaji kesho.

Kwenye lokdauni, kutoka nje kunahitaji barua ya RDC, mkuu wa wilaya anayemwakilisha Rais. Ofisi ya RDC iko mbali, na usafiri umekatazwa. Kwa hiyo unahitaji usafiri ili upate barua ya kuruhusiwa usafiri. Ukiwa mjamzito, panga uchungu uanze saa za kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, ikiwezekana kabla ya chakula cha mchana. Wako waliochelewa kupanga, wakatembea usiku wakishika kuta, na si wote waliofika. Baadaye wajawazito waliondolewa sharti hilo la barua.

Bodaboda zilibaki na ruhusa ya kubeba mizigo tu, hadi abiria walipokubaliwa tena tarehe 27 Julai 2020. Katika kipindi hicho mtu mwenye haraka alipaswa kujifikiria upya. Ndizi matooke zilivuka mji kwa heshima zote, zimefungwa vizuri, zikipungiwa mkono kwenye vizuizi. Aliyezilima na anayezila walitembea kwa miguu. Wachuuzi wa vyakula waliambiwa walale sokoni, na wa Nakasero walitandika chini ya vyandarua, kati ya nyanya na vitunguu, jambo lililowaondolea nauli, foleni na ndoa.

Kafyu ilianza saa moja jioni. Ukichelewa utakutana na kijana wa LDU, askari mgambo, mwenye fimbo, naye atazungumza nawe Kiswahili. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, aliyenyonya lugha hii pamoja na maziwa, aelewe kwamba kwa mkazi wa Kampala Kiswahili hakikuja na mashairi. Kilikuja na sare. Tangu enzi za mkoloni na za Amin ndiyo lugha ya kambi na kizuizi, na msamiati wake wa mjini ni mfupi: "Wewe! Kuja hapa! Lala chini!" Mwongozo unashauri ujibu kwa Kiswahili kirefu iwezekanavyo. Sema, "Shikamoo afande, naomba radhi, nimechelewa kwa kuwa mwanangu anaumwa na nilikuwa nikimtafutia dawa." Nusu ya maneno hayo askari hatayajua vizuri, naye akidhani wewe ni mtu wa usalama au Mtanzania mwenye shughuli maalumu, atakuachia. Ukimjibu Kiingereza, atajua umesoma, na fimbo itaongezwa kwa ajili ya shahada. Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikiidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni, kwa hiyo katika kafyu ijayo vijana wetu watalala chini kwa sarufi sahihi.

Wakizifikia shule, hizo. Zilifungwa Machi 2020 zikaja kufunguliwa zote tarehe 10 Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na wanafunzi kama milioni 15 wakabaki mikononi mwetu. Tuliambiwa watasoma kwa redio. Redio ya chumba chako ikiwa kwenye hesabu, ya jirani kwenye mahubiri na ya upande wa pili kwenye kandanda la zamani, mtoto atajifunza kwamba Yesu alifunga bao kwa kipeo cha pili. Shule nyingine za binafsi zilifugia kuku madarasani. Walimu wao wakaingia mtaani, na ukienda kwenye chapati jioni ulimkuta aliyemfundisha mwanao sehemu na desimali, amekunja mikono ya shati jeupe, anageuza rolex, chapati ya kuviringishwa na mayai, juu ya kikaango. Mwite "Mwalimu" kama kawaida. Usimwombe mkopo, anajua kuhesabu. Na usimwambie aongeze yai.

Pombe ilikatazwa kwenye baa, siyo kwenye birika. Baa zilifungwa Machi 2020 zikafunguliwa tarehe 24 Januari 2022, na katikati yake Kampala ilikunywa chai nyingi sana isiyotoa moshi. Wanywaji wa malwa, wanaozunguka chungu kimoja na mirija mirefu, walijitetea kwamba urefu wa mrija unafika mita moja na zaidi, kwa hiyo umbali upo. Hoja hiyo ilikuwa na sayansi ndani yake. Tulikuwa tumeshapewa uchaguzi wa kisayansi, ule wa Januari 2021 uliotakiwa kufanyiwa kampeni kwenye redio na runinga, na neno likaenea: harusi ya kisayansi, mazishi ya kisayansi. Wajomba waliokatwa kwenye orodha ya wageni wa harusi bado hawajasamehe, nao walijua fika kwamba virusi vilikuwa kisingizio.

Kwa upande wa dawa, wimbi kama la 2021 likija jifunike blanketi juu ya sufuria ya majani yanayochemka, ukiwa umeacha mlango wazi ili majirani wajue unajitibu. Wenye fedha walinunua Covidex, dawa ya mitishamba ya Profesa Patrick Ogwang wa Mbarara, iliyoidhinishwa Juni 2021 kama tiba ya kusaidia. Wasio na fedha walinunua ndimu, ambazo nazo zilijua bei ya wenzao. Mwaka huohuo, kwenye lokdauni ya pili, serikali ilituma shilingi 100,000 kwa simu kwa waliothibitika kuwa wanyonge. Waliothibitishwa na nani? Rudi kwenye daftari la mistari mikubwa.

Tarehe 30 Januari 2025 Wizara ya Afya ilitangaza Ebola Kampala, na ndoo za kunawia zilizokuwa zimegeuzwa za kufulia zikarudi milangoni zikiwa na povu la omo. Kazi yako kabla ya janga lingine ni moja. Muda wa wenyeviti wa LC1 ulikwisha Julai 2023 ukaongezwa, lakini siku ya mistari itafika tu. Usikimbilie nyuma ya mtu kwa sababu unampenda au ana sera. Fika mapema, kaa kivulini, hesabu vichwa taratibu, ukiona mstari upi unarefuka jiunge nao, karibu na mbele, na ukohoe kidogo ili ageuke.